Ruiru haikuzaliwa na supahaiwe

Juzi nimeisikia tena: "Ruiru ilikuwa kahawa tupu mpaka supahaiwe ikaja." Mteja ameketi mbele yangu na karatasi za ploti, anasema bila wasiwasi wowote, na mimi mpimaji ardhi nimezunguka hizi shamba miaka na miaka.

Sasa sikizeni. Supahaiwe hiyo, yaani barabara kuu mpya ya Thika kutoka Nairobi, ilifunguliwa 2012. Sensa ya 2009, lami bado haijakamilika, ilihesabu watu 238,858 mji huu wa Ruiru. Hao walikuwa wanalala juu ya miti ya kahawa? 2019 tukafika 490,120, na barabara ilisukuma sana, hilo sikatai. Lakini reli ya Thika ilipita hapa tangu 1913, na kilichokata hizi shamba vipande vipande ni kitu kingine kabisa: baada ya uhuru walowezi walianza kuuza, wananchi wakachanga pesa kwenye kampuni na vyama vya kununua ardhi, shamba zima likanunuliwa kwa hati moja halafu kila mwanachama akapewa hisa zake, hisa zikageuka ploti, ploti zikauzwa, zikauzwa tena. Githurai ilianza hivyo, wakati supahaiwe haijaota hata kichwani mwa mtu.

Mbona nakasirika? Kwa sababu anayeamini historia ilianza 2012 hawezi kuuliza ya nyuma. Huyo mteja wangu alikuwa na cheti cha hisa kwenye karatasi ya nailoni, kimekunjwa mara nne mpaka wino umefutika kwenye mikunjo, namba ya ploti imezungushiwa kalamu ya bluu. Tukaenda shambani, bikoni moja, yaani alama ya mpaka, tukaipata chini ya kisiki cha mkahawa, ya pili iko ndani ya ukuta wa jirani. Cheti cha hisa SI hati miliki jamani! Ni ushahidi kwamba una haki kwenye kampuni, basi. Kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza uliza hati mama (ile hati ya shamba zima kabla ya kukatwa) ni gani, shamba lilikuwa la nani, kampuni bado ina rejista ya wanachama au viongozi wako kortini, fanya sachi (angalia rekodi kwenye ofisi ya ardhi), na uite mpimaji kabla ya kununua, si baada ya kuchimba msingi. Kama hati bado inasema ni ardhi ya kilimo, uliza habari ya idhini ya bodi ya ardhi na kama matumizi yalibadilishwa.

Eti kahawa iliisha juu ya udongo kuchoka. Hapana. Udongo mwekundu ni ule ule, na watafiti wa kahawa wako hapa hapa, ndio waliotoa Ruiru 11 mwaka wa 1985, mche unaostahimili magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Kilichoanguka ni bei, hasa baada ya mgao wa kimataifa, ule uliopangia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje, kuvunjika 1989, mkulima akaona ekari moja ya nyumba inalipa kuliko kungoja bonasi ya kahawa.

Ati Ruiru ni Nairobi? Ni Kiambu. Faili yako ya ujenzi ukiipeleka City Hall, ofisi za Nairobi, utarudishwa.

Na wale wanaosema ardhi ya kampuni zote ni ya wizi, wengi walilipa kihalali, wazee wetu waliuza mbuzi. Kama mzee wako ameacha risiti hizo kwenye sanduku, usizitupe, ziletwe kama zilivyo, hata zile zimeliwa na mchwa pembeni.