Kimo cha waliotutangulia kinasema nini kuhusu afya? Maswali na majibu

Vipimo vya watu waliokufa zamani hupatikana wapi?

Zaidi ni jeshini na gerezani. Aliyeandikishwa alipimwa, na karani akaandika umri wake, kwao na kimo chake. Hapa Kenya, mtafiti Alexander Moradi alichambua rekodi za askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Mtu akishapevuka haongezeki tena urefu, hivyo askari aliyepimwa mwaka 1940 akiwa na miaka 22 anatueleza alivyokula na alivyougua utotoni, miaka ya 1920. Wakati huo ni nadra mtu kuandika familia ya kijijini ilikula nini jioni. Kwa watu wengi wa enzi hiyo, kimo ndicho kumbukumbu pekee ya maisha yao tuliyo nayo.

Lakini urefu si wa ukoo? Baba mfupi huzaa mtoto mfupi.

Ukilinganisha jirani na jirani, ndiyo, sehemu kubwa hurithiwa. Ukilinganisha vizazi vya watu walewale, mambo hubadilika. Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 wamewazidi waliozaliwa mwaka 1896 kwa takriban sentimita 20. Asili yao ni ileile. Kilichobadilika ni chakula, maji, chanjo na matibabu. Waholanzi, ambao leo wanahesabiwa miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani, katikati ya karne ya 19 hawakuwa warefu hata kwa kipimo cha Ulaya.

Je, ni kweli Wamaasai walikuwa warefu kwa sababu ya maziwa?

Hayo yalienezwa na ripoti ya mwaka 1931 ya John Boyd Orr na John Gilks, waliopima Wamaasai na Wakikuyu. Waliandika kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi wa Kikuyu kwa inchi 5, yaani kama sentimita 13, na kwa pauni 23, karibu kilo 10. Wakasema tofauti ni ya mlo: maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka na viazi upande wa pili. Maziwa hukuza mtoto, hilo halina ubishi. Ila hizo ni jamii mbili zenye asili tofauti, na haifai kuibebesha chupa ya maziwa tofauti yote. Mimi huamini zaidi ulinganisho wa mjukuu na babu yake.

Pesa zikiongezeka, watu hurefuka?

Si lazima, na jibu hili linaihusu Nairobi moja kwa moja. Katikati ya karne ya 19, kipato cha Wamarekani kilikuwa kikipanda huku vijana wao wakizidi kuwa wafupi. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni miji iliyofurika watu, maradhi ya kuambukiza na chakula kilichopanda bei. Mtoto anayeharisha kila mara hutumia chakula chake kupigana na ugonjwa, hata kama sahani ilijaa. Familia ya Mukuru au Korogocho, mitaa ya mabanda ya Nairobi, inaweza kushika pesa nyingi kuliko ya kijijini, lakini mtoto akicheza kando ya mtaro wa maji machafu, mwili wake hulipa gharama hiyo. Ndiyo maana kwangu mimi choo na bomba la maji ni sehemu ya lishe.

Rekodi hizo haziwezi kudanganya?

Zinaweza. Majeshi yalikuwa na kimo cha chini kabisa, wafupi wakarudishwa nyumbani, na wastani ukaonekana mkubwa kuliko ukweli. Umri nao mara nyingi ulikisiwa. Watafiti husahihisha hayo kwa hesabu kabla ya kutoa hukumu.

Ninaishi Kayole. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu ni mfupi kuliko wenzake. Niwe na wasiwasi?

Mama, kipimo kimoja hakitoshi. Nenda kliniki na kijitabu cha Mama na Mtoto, uombe apimwe urefu pamoja na kilo, maana mara nyingi watoto hupimwa kilo tu. Chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa kwenye ubao. Kisha tazameni mstari wake kwenye chati: ukipanda sambamba na ile iliyochorwa, hata kama uko chini kidogo, huenda ni mfupi kwa kurithi. Mstari ukilala badala ya kupanda, daktari atafute sababu, kama upungufu wa damu au maambukizi yasiyokwisha.

Usikubali kuambiwa kwamba "watoto wetu ndivyo walivyo". Chati ya Shirika la Afya Duniani ilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonya na kutunzwa vizuri, na urefu wao ulikaribiana sana. Hapa kwetu udumavu, yaani ufupi uliopita kiasi kwa umri, wa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 26 mwaka 2014, ukashuka hadi asilimia 18 mwaka 2022.

Endelea kumnyonyesha hadi afikishe miaka miwili. Mpe yai, omena iliyosagwa kwenye uji, maharagwe na mboga za majani, maji yawe yamechemshwa, na mrudishe kupimwa tarehe mtakayopewa.