Je, wajua fila hufanyaje kazi kwenye mistari ya kicheko?

Anayeulizia fila, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi kwa sindano, kwenye kliniki ya urembo mara nyingi huanza kwa kuonyesha mistari miwili inayoshuka kutoka pembeni mwa pua hadi kwenye ncha za mdomo. Maelezo anayokuja nayo ni yaleyale: amecheka sana maishani, ngozi imekunjika mahali pamoja hadi ikapasuka kwa ndani, na fila ni kitu cha kuziba mpasuko huo. Maelezo hayo yana sehemu mbili na zote zina kasoro. Ya kwanza inastahili kurekebishwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoamua sindano ichomwe wapi.

Mstari wa kicheko hauletwi na wingi wa kucheka. Mtazame mtoto wa miezi michache anapotabasamu au anapolia: mistari yote miwili inajichora, wazi kabisa. Mtoto huyo hajaishi muda wa kutosha kuchakaza ngozi yake. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwa mtu aliyepooza upande mmoja wa uso. Daktari anayeshuku kiharusi humwambia mgonjwa aonyeshe meno, kisha huangalia mistari hii miwili. Upande uliopooza, mstari hufifia au hutoweka. Mzee wa miaka 70 aliyekuwa na mikunjo ya kina pande zote mbili anaweza kuamka asubuhi akiwa na shavu moja laini. Ngozi yake ni ileile ya jana, na miaka yote ya kucheka bado iko ndani yake. Kilichozimika ni misuli, nao mstari ukaenda nayo. Mpasuko wa ngozi usingefutika kwa usiku mmoja.

Kumbe tunachokiona ni mpaka kati ya sehemu mbili za uso zisizofanana. Upande wa juu kuna shavu, lenye mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Upande wa mdomo mafuta ni haba sana, na ngozi imeshikamana na misuli karibu moja kwa moja. Misuli inayoinua mdomo hutokea juu, kwenye mifupa ya shavu na ya taya la juu, na baadhi ya nyuzi zake huja kujishikiza kwenye ngozi palepale mpakani. Inapojikaza, huivuta ngozi ya mpakani ndani na juu, na nyama ya shavu hujikusanya juu yake. Mpaka huo tumezaliwa nao. Umri huuongezea kina tu.

Kina hicho kinatoka wapi? Mwaka 2007, Rohrich na Pessa, watafiti wa Texas, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuingiza rangi kwenye nyuso za maiti na kuangalia inasambaa hadi wapi. Rangi haikusambaa ovyo. Ilifika mahali ikakoma, na hivyo ikaonekana kwamba mafuta ya uso yamegawanyika katika vyumba vyenye kuta. Vyumba vya ndani vya shavu hupungua ujazo kadiri umri unavyokwenda, na mfupa wa taya la juu kando ya tundu la pua nao hurudi nyuma taratibu. Shavu linapoteza egemeo, na tofauti kati ya pande mbili za mpaka inazidi kuonekana. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha badiliko hili ni kulegea na kushuka kwa nyama, na kiasi gani ni kupungua kwa ujazo. Pengine jibu ni tofauti kwa kila uso. Lakini jua linalochakaza ngozi, uvutaji wa sigara na kukonda ghafla vyote vinachangia, na hakuna sababu ya kujizuia kucheka.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini daktari mzoefu wakati mwingine haugusi mstari wenyewe. Anaweza kuweka fila juu ya mfupa wa shavu, au ndani kabisa kando ya pua pale mfupa uliporudi nyuma, na mstari ukalainika kwa sababu kilichokuwa kimepungua kimerudishiwa egemeo.

Hapo pia ndipo fila inapoachana na Botox, ambayo watu wengi huichanganya na fila. Botox hulegeza misuli kwa miezi kadhaa. Marekani iliidhinisha matumizi yake ya urembo mwaka 2002 kwa mikunjo ya kati ya nyusi, ambako misuli kulegea hakumnyimi mtu kitu kikubwa. Ukilegeza misuli ya mstari wa kicheko, mstari utapungua kweli, na tabasamu litapungua pamoja nao, au litapinda. Fila haigusi misuli. Inaongeza ujazo.

Wazo la kuongeza ujazo ni la zamani. Mwaka 1899, Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga mafuta ya parafini mwilini. Yakavimba, yakahama, yakatengeneza vinundu vilivyoharibu nyuso za watu. Mwaka 1981 Marekani iliidhinisha kolajeni ya ng'ombe, protini inayoipa ngozi uimara, iliyohitaji kujaribiwa kwanza mkononi kwa sababu ya mzio. Kisha, Desemba 2003, ikaidhinishwa Restylane, jeli ya asidi ya hayaluroniki. Jaribio lililotangulia idhini hiyo lilifanywa kwenye mistari ya kicheko yenyewe, kwa watu 138, na lilitumia faida ambayo uso huu unatupa bure: mistari iko miwili. Upande mmoja uliwekwa jeli mpya, upande wa pili kolajeni ya ng'ombe, katika uso uleule. Baada ya miezi sita, jeli ilionekana bora kwa asilimia 56.9 ya watu, na kolajeni kwa asilimia 9.5.

Asidi ya hayaluroniki si kitu kigeni mwilini. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 kutoka kwenye jicho la ng'ombe. Baadaye ikapatikana kwa wingi kwenye kile kilemba chekundu cha jogoo, na leo nyingi inayotumika kwenye fila huzalishwa na bakteria viwandani. Mtu wa kilo 70 ana takriban gramu 15 mwilini, karibu nusu yake kwenye ngozi, na mwili huvunja na kutengeneza upya kama theluthi yake kila siku. Hili ni jambo la kustaajabisha, na pia ndilo lililokuwa kikwazo. Ukidunga asidi hii ikiwa katika hali yake ya asili, itavutia maji vizuri sana, na baada ya siku chache haipo.

Suluhisho lilikuwa kuifunga mafundo. Fikiria nyuzi za kamba zilizotupwa baharini moja moja. Mkondo unazichukua, na samaki wakali wanazikata bila taabu. Sasa zifunge nyuzi zilezile ziwe wavu. Wavu unabaki mahali pake, na maji yanajaa katika kila tundu. Kwenye jeli, kazi ya mafundo hufanywa na kemikali iitwayo BDDE, inayounganisha mnyororo mmoja wa asidi na mwingine, na wakataji ni vimeng'enya vya mwili. Kimeng'enya kikikata uzi mmoja, wavu haufumuki. Matundu yanapanuka kidogo na kuruhusu maji zaidi, kwa hiyo ujazo unakaa karibu palepale kwa miezi huku nyuzi zikipungua, hadi mafundo yaliyosalia yanaposhindwa kushikilia. Idadi ya mafundo ni moja ya mambo yanayotenganisha jeli ngumu, ya kuweka juu ya mfupa, na jeli laini, ya kuweka karibu na ngozi.

Kiasi kinachotumika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sirinji ya kawaida ina mililita 1, moja ya tano ya kijiko cha chai. Katika Restylane, mililita hiyo ina miligramu 20 za asidi. Karibu yote iliyobaki ni maji.

Kuna jambo la ziada. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliidunga jeli kwenye ngozi ya mkono iliyochakazwa na jua, wakakata vipande vidogo na kuvitazama. Seli zinazotengeneza kolajeni, zilizo jirani na jeli, zilikuwa zimevutika na kunyooka, na kolajeni mpya ilikuwa ikitengenezwa. Inaelekea mvutano wenyewe ndio unaoziamsha. Lakini waliochunguzwa walikuwa 11, na ngozi iliyopimwa ni ya mkono. Matangazo yanayoahidi kwamba fila "inafufua ngozi" ya uso yanakwenda mbali kuliko ushahidi huo.

Kwa ngozi nyeusi, hofu kubwa ni keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Katika jaribio la Marekani la watu 150 wenye rangi ya ngozi kuanzia kahawia hadi nyeusi kabisa, hakuna aliyepata keloidi. Baadhi walipata madoa meusi pale sindano ilipopita, na mengi yaliondoka. Anayejijua kuwa na historia ya keloidi bado aiseme mapema.

Hatari iliyo kubwa zaidi ya hiyo haionekani kwa nje. Ateri ya uso hupita karibu na mstari wa kicheko, na mahali pake hutofautiana kutoka mtu hadi mtu. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, huziba damu, na ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaweza kufa. Matawi ya ateri hiyo huungana na yale yanayokwenda kwenye jicho, kwa hiyo jeli ikisukumwa kinyume inaweza kupofusha. Ni nadra, lakini imetokea. Dalili ni maumivu makali, ngozi kubadilika rangi kuwa nyeupe au ya mabaka, au kuona giza ghafla. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani upesi, hivyo ni lazima kubonyeza ngozi na kuangalia kama damu inarudi haraka. Dawa ya kuyeyusha jeli, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, lazima iwepo chumbani kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti. Kliniki isiyo nayo haifai kudunga uso wa mtu. Kalamu za kusukuma jeli bila sindano, zinazouzwa mtandaoni, mamlaka ya dawa ya Marekani ilizionya mwaka 2021, na onyo hilo lina msingi: anayezitumia nyumbani hajui jeli imefika wapi, na hana cha kuiyeyushia.

Watengenezaji husema fila ya asidi hii hudumu miezi 6 hadi 18. Picha za MRI zilizochunguzwa Australia zimeonyesha mabaki yake kwenye mashavu ya watu miaka kadhaa baadaye. Haijathibitishwa kwamba hali ni hiyo kwa kila mtu, lakini anayerudia sirinji nzima kila mwaka anaweza kuwa anaongeza juu ya kilichopo. Kabla ya kurudia, muulize daktari ni kiasi gani bado kimo ndani. Kipimo cha ultrasound kinaweza kuonyesha.