Si mwili uliozoea dawa, ni vijidudu

Wiki haipiti hapa Dodoma bila mgonjwa kuniambia: "Daktari, hii dawa mwili wangu umeshaizoea, nipe kali zaidi." Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini hayo tuyaache.

Kwani mwili hauzoei antibiotiki?

Hauzoei. Antibiotiki ni dawa ya kuua bakteria, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyobadilika. Hata mtu ambaye hajawahi kumeza amoksilini maishani mwake anaweza kuambukizwa kijidudu sugu, na amoksilini isimsaidie kitu.

Vinabadilikaje? Vina akili?

Havina. Bakteria wa tumboni akipata mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Anza na mmoja. Baada ya saa 7 wamezidi milioni mbili. Katika kuzaliana huko hutokea kasoro, na mara mojamoja kasoro hiyo humfanya mmoja asidhurike na dawa. Wenzake wanakufa, yeye anabaki na kuzaa wa aina yake. Mkulima wa uwele analijua hili: ukame ukipiga, mbegu ya msimu ujao unaichukua kwenye masuke yaliyostahimili. Hukuufundisha uwele kuvumilia jua. Uliokufa haukuacha mbegu, basi. Charles Darwin alilieleza jambo hili mwaka 1859, na kwa Kiswahili tunaliita uteuzi asilia.

Mimi siamini kwamba binadamu alitokana na nyani.

Sijakuuliza habari za nyani, mama. Nazungumzia vijidudu vilivyo kwenye kibofu chako.

Klorokwini unaikumbuka, ile iliyotuwasha mwili mzima? Vimelea vya malaria viliizoea hadi Tanzania ikaiacha mwaka 2001, na baadaye tukaja kwenye dawa mseto. Malawi waliiacha mwaka 1993, na miaka michache tu baadaye vimelea vinavyokufa kwa klorokwini vikarudi kutawala, kwa kuwa usugu haukuwa na faida tena. Miili ya Wamalawi ni ileile.

Nikipata nafuu siku ya tatu, niache dawa?

Usiache. Juzi mama mmoja alifungua fundo la khanga mbele yangu: vidonge vinne vya rangi mbili, kamwekea mdogo wake "akiba". Usiache, usigawe, usiweke akiba. Meza kama ulivyoandikiwa. Kwa TB ni balaa zaidi: dozi ya kawaida ni miezi 6, lakini kikohozi kikikata mwezi wa pili mtu anajiona mzima, anaacha. Anaweza kurudi na TB sugu, na akawaambukiza hiyo hiyo sugu watoto anaolala nao chumba kimoja. Usiache.

Na mafua?

Mafua ni virusi. Antibiotiki haiui virusi. Acha kununua.

Nimemaliza dozi ya UTI na bado mkojo unachoma.

Rudi kituoni mkojo ukaoteshwe, yaani vijidudu vyake vikuzwe maabara, tujue dawa ipi inaviua. Usipite duka la pili na la tatu kuongeza vidonge. Ukiwa na homa, maumivu ya ubavuni au unatapika, njoo siku hiyohiyo. Na uje na pakiti ya dawa uliyomeza. Ukiniambia "vile vyeupe" hujanisaidia.