Sumaku, kobalti na pedali za ndege: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Anayerusha ndege kwenye kompyuta huanza kuona ugonjwa wa pedali zake, zile za miguuni zinazogeuza usukani wa mkia, akiwa bado chini. Ndege imesimama tayari pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, miguu imetulia, lakini pua inacheza kushoto na kulia yenyewe. Angani huwezi kugundua upesi, kwa sababu usukani wa mkia huguswa kidogo tu. Ardhini, na hasa wakati wa kutua upepo ukipiga ubavuni, kila mtetemo unaonekana. Hapo ushauri unaanza kumiminika: tupa hizo, mwagia mafuta, weka sensa ya sumaku. Ushauri wa mwisho ni mzuri, ila umezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na anayeyafuata anaweza kuunguza chombo ambacho hapa kwetu hakipatikani dukani kila siku.

“Pedali zikitetemeka, sensa imekufa”

Si lazima. Ndani ya pedali nyingi za bei ya kawaida kuna potensiometa, kifaa kilekile kinachopandisha na kushusha sauti kwenye redio za zamani. Kina utepe wa kaboni, na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Ulimi unapohama, volti inayotoka inabadilika, na kompyuta inaisoma kama nafasi ya mguu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi jekundu la kiangazi linaingia kila mahali, na potensiometa haijafungwa kwa kukazwa. Chembe ikikaa kati ya ulimi na utepe, volti inaruka, na ndege inaruka nayo.

Kabla ya kubadilisha chochote, fungua dirisha la urekebishaji wa pedali kwenye kompyuta na usogeze pedali polepole. Mruko ukitokea mahali palepale kila mara, utepe umelika hapo, na hakuna dawa. Ukitokea unapotikisa waya, tatizo ni waya au lehemu iliyopasuka. Pedali hukanyagwa, waya wake hukunjwa na kuvutwa. Ukitokea ovyo popote, jaribu kwanza dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya kusafisha potensiometa, huku waya wa USB umechomolewa. Mafuta ya kulainisha bawaba na nati zilizoshika kutu si dawa hiyo. Yanaosha grisi ya kiwandani, yanaacha utando, na vumbi linalofuata linanata vizuri zaidi.

“Sensa yoyote ya miguu mitatu inafaa”

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aligundua kwamba umeme unaopita kwenye bamba jembamba husukumwa upande mmoja sumaku ikilikabili, na volti ndogo hutokea ubavuni mwa bamba. Sensa ya Hall ni bamba hilo pamoja na saketi ya kukuza volti yake, vyote ndani ya kipande cheusi chenye miguu mitatu. Lakini zipo za aina mbili zinazofanana kama pacha. Moja ni swichi: inajua tu kwamba sumaku imefika au imeondoka. Namba 3144, inayouzwa sana, ni ya aina hiyo. Ukiiweka kwenye pedali, ndege itakuwa na usukani uliopinda hadi mwisho upande huu au hadi mwisho upande ule, bila kitu katikati. Nyingine hutoa volti inayopanda na kushuka kidogokidogo kulingana na nguvu ya sumaku. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Namba 49E na SS495A ni mifano inayojulikana.

Wanaookota vipuri wafahamu hivi: sensa iliyomo kwenye feni ya kompyuta kwa kawaida ni swichi, haifai. Ile iliyomo kwenye mkono wa kuongezea mwendo wa baiskeli au skuta ya umeme mara nyingi ndiyo ya volti inayopanda taratibu, na inafaa sana. Huna haja ya kubahatisha. Ipe volti 5, pima mguu wa kutolea kwa maltimita, kisha sogeza sumaku taratibu. Namba zikipanda hatua kwa hatua, umepata. Zikiruka ghafla kutoka ncha moja hadi nyingine, rudisha sensa dukani.

Halafu kuna mpangilio wa miguu. Kwenye potensiometa, mguu wa katikati ndio unaotoa habari. Kwenye 49E na SS495A, ukiitazama upande wenye maandishi miguu ikiwa chini, wa kwanza kushoto ni chanya, wa katikati ni hasi, wa tatu ndio unaotoa habari. Anayeunganisha “waya kwa waya, kama ilivyokuwa” anapeleka umeme kwenye miguu isiyo yake. Naomba sana jambo hili lisomwe mara mbili kabla chuma cha kulehemu hakijapata moto.

Volti nayo ina masharti. SS495A inataka angalau volti 4.5, wakati 49E inaanza kufanya kazi kwenye 2.7. Baadhi ya pedali hulisha potensiometa zake kwa volti 3.3, na humo SS495A haitasoma sawasawa. Kiasi cha umeme pia si kilekile: potensiometa ya kiloomu 10 kwenye volti 5 hula nusu miliampia, sensa ya Hall hula 6 hadi 10. Bodi nyingi, yaani kadi za saketi zilizo ndani ya pedali, huvumilia hilo, lakini ikiwa bodi inalisha potensiometa kupitia mguu dhaifu wa chipu, chukua volti 5 moja kwa moja kwenye waya wa USB. Na ikiwa pedali ni za enzi za tundu la michezo la pini 15, zile zenye potensiometa za kiloomu 100 zinazotumia miguu miwili tu, sensa ya Hall haiingii kabisa bila kubadilisha bodi nzima, kwa sababu bodi hiyo inasoma ukinzani na si volti.

“Kwenye nchi ya shaba na kobalti, sumaku itachanganyikiwa”

Dhana hii ni yetu wenyewe, na inatoka kwa watu wenye akili: tumekalia madini, basi sumaku itavutwa huku na huku. Tuanze na shaba. Haivutwi na sumaku. Chukua kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa mapambo mjini, ukisogeze karibu na sumaku, hakuna kitakachotokea. Kobalti ni kweli huvutwa, lakini ikiwa metali safi. Madini ya kobalti yaliyochimbwa, yakiwa bado yameungana na oksijeni, hayana tabia hiyo.

Sumaku ya dunia yenyewe ina nguvu ya kati ya gausi 0.25 na 0.65 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kutegemea mahali. SS495A hubadilisha volti yake kwa milivolti 3 na kidogo, yaani sehemu tatu za elfu za volti moja, kwa kila gausi moja. Kwa hiyo dunia nzima inaichezesha sensa yako kwa takriban milivolti moja au mbili, wakati chipu ya kawaida ya pedali haioni tofauti iliyo chini ya milivolti tano. Sumaku ndogo iliyo milimita chache kutoka kwenye sensa inatoa mamia ya gausi. Hakuna mgodi utakaoshindana nayo.

Uhusiano wa Katanga na sumaku hizi upo, ila ni wa namna nyingine, na ningependa kila kijana anayefungua pedali mjini hapa aujue. Katika miaka ya 1970 sumaku zenye nguvu kuliko zote zilitengenezwa kwa metali iitwayo samari pamoja na kobalti. Mwezi wa tano 1978 vita vilifika Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti, wakati huo mkoa wa Katanga ukiitwa Shaba, na bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa. Viwanda vikatafuta sumaku isiyotegemea kobalti. Mapema miaka ya 1980 Masato Sagawa huko Japani na watafiti wa General Motors huko Marekani, kila upande kwa njia yake, wakapata sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Ndiyo hiyo iliyo ndani ya spika za masikioni, ndani ya diski za kompyuta, na ndiyo utakayoibandika kwenye mhimili wa pedali yako.

“Sumaku kubwa zaidi ndiyo bora”

Sumaku ikizidi, sensa inafika mwisho wa kipimo chake kabla mguu haujafika mwisho wa mwendo, na sehemu iliyobaki ya pedali inakuwa bubu. Kinachohitajika ni mpangilio mzuri. Weka sumaku mbili ndogo zikitazamana, zinazovutana, moja kila upande wa mhimili, na sensa katikati bila kugusa. Pedali zikiwa zimetulia, sensa iwe imekaa ubavu kwa sumaku ili itoe nusu ya volti, yaani 2.5 kati ya 5. Mhimili ukizunguka nyuzi 20 kila upande, volti inafuata mguu kwa kosa la takriban asilimia 2 tu. Ukifika nyuzi 45, kosa linakaribia asilimia 10. Pedali nyingi hazizunguki kiasi hicho, na ndiyo maana njia hii inafanya kazi vizuri nyumbani.

Sumaku bapa za diski za kompyuta zilizokufa zinavutia kwa nguvu zao, lakini uso wake mmoja una ncha mbili za sumaku zilizopakana. Sensa ikipita mbele yake itaona ncha ya kaskazini na ya kusini kwa zamu. Tafuta zile za duara za spika ndogo. Na tafadhali, kama kuna watoto nyumbani, zisiachwe mezani: mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kuutoboa.

“Sensa ya sumaku haichakai, basi nimemaliza”

Ni kweli nusu. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo vumbi letu halina kazi tena pale. Lakini sensa isiyogusa inaona kila kitu, hata mhimili unaolegea ndani ya tundu lake. Katika pedali nyingi mwili wa potensiometa ulikuwa pia unaushikilia mhimili. Ukiutoa bila kuweka kishikizo kingine, sumaku itayumba na utapata mtetemo mpya. Gundi nayo ina umuhimu wake. Safisha sumaku na mhimili kwa spiriti, tumia gundi ya kuchanganya mirija miwili, uiache ikauke usiku kucha. Usilehemu karibu na sumaku, maana neodimi ya kawaida huanza kupoteza nguvu yake joto likipita nyuzi 80. Na usifungue pedali kwenye meza ambayo fundi alikuwa anakata vyuma kwa msumeno, kwa sababu sumaku itakusanya unga wote wa chuma, nao huo, tofauti na vumbi la barabarani, unaharibu kipimo.

“Usahihi utaongezeka papo hapo”

Sensa inatoa volti laini, bodi ndiyo inayoikatakata. Bodi ya biti 8 inaona ngazi 256, ya biti 10 ngazi 1,024, ya biti 12 ngazi 4,096. Bodi ya zamani ikibaki ya biti 8, sensa bora duniani haitakupa ngazi ya 257. Wanaotaka zaidi huweka bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4, ambayo ni ya biti 10, au STM32F103 ya biti 12, na kompyuta huzitambua kama kifaa cha michezo zikishawekewa programu inayofaa. Sensa nyingine, AS5600, inayosoma pembe ya sumaku kwa biti 12, inasifiwa sana, na inastahili. Ila ngazi hizo 4,096 ni za duara zima. Pedali inayozunguka nyuzi 30 itatumia takriban 340 tu, isipokuwa uiambie chipu pembe inaanzia wapi na kuishia wapi. Inakubali kuambiwa.

Wengine huogopa umeme wetu unaopanda na kushuka. Pedali hazili umeme wa ukutani, zinakula volti 5 za USB, na sensa kama 49E na SS495A hutoa volti kwa uwiano wa volti inayoingia, hivyo mabadiliko madogo yanajifuta yenyewe bodi ikipima kwa volti hiyohiyo.

Wapo pia wanaotumaini kwamba baada ya kazi yote hii pedali zitakuwa laini mguuni. Sensa haisukumi wala haivuti kitu. Ugumu wa katikati, mkwaruzo na springi nzito vinatibiwa kwa beringi, grisi na springi nyingine, na ni vizuri kufanya hivyo siku hiyohiyo kifuniko kikiwa wazi, kabla ya kupima volti ya katikati mara ya mwisho na kurudisha skrubu.