Je, Wajua? Cheni ya Taimingi Haivutiki, na Gia Si Lazima Iishinde

Injini inapofunguliwa ili iongezewe nguvu, mwenyewe hulazimika kuamua kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu (vifuniko vya kupitishia hewa na moshi), izungushwe kwa kitu gani: kwa cheni au kwa gia. Kwa miaka mingi ningejibu bila kusita kwamba ni gia, na siku moja nilimwambia hivyo fundi wa makamo huko Malindi, aliyekuwa ameichangua injini ya petroli ya pikapu ya zamani. Hoja yangu ilikuwa moja tu, kwamba cheni huvutika ilhali gia haivutiki. Alinipa mkononi cheni iliyotolewa humo, nzito na yenye kunuka oili iliyoungua, akasema: "Haya, bwana mdogo, ivute."

Haikuvutika, wala isingevutika hata tungekuwa kumi.

Kazi ya vifaa hivi viwili ni moja. Katika injini ya mipigo minne, krenkshafti, au krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili kila kamshafti inapozunguka mara moja, na uwiano huo usipotunzwa valvu hufunguka na kufungwa wakati usio wake. Kinachobishaniwa ni namna ya kuutunza.

Nirudi kwenye kosa langu, kwa sababu nimelisikia kwa watu wengi. Bamba za cheni hazirefuki kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi zinazosuguana katika kila kiungo, kama mnyororo wa nanga ya jahazi unavyolika pale tu pete moja inapokutana na nyingine. Tuseme watu 20 wamesimama mstari mmoja wakishikana viganja, kisha kila mmoja akalegeza mshiko kwa upana wa kidole: mstari umerefuka, ingawa hakuna mkono wa mtu uliorefuka. Basi tuchukue upande wa cheni unaovutwa na krenki uwe na viungo 20, na kila kiungo kiwe kimelika kwa milimita 0.02. Jumla ni milimita 0.4. Ikiwa gurudumu la meno la kamshafti lina nusu kipenyo cha milimita 50, kamshafti itachelewa kwa karibu nusu digrii, yaani karibu digrii moja ukihesabu kwenye krenki. Hesabu hii ni ya mfano, na vipimo hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine, lakini inaonyesha kwamba uchakavu usioonekana kwa jicho huchelewesha valvu kwa kiasi kinachopimika. Tenshena, kifaa cha kukazia cheni, nayo hukaza upande uliolegea tu; haiwezi kuurudisha wakati uliopotea kwenye upande unaovutwa.

Hadi hapo ungedhani kwamba gia imeshinda, na mimi nilikomea hapo hapo. Nililolisahau ni kwamba krenki haizunguki kwa utulivu. Kila mchomo wa mafuta huipiga, nayo hujisokota kidogo na kujisokotoa, maelfu ya mara kwa dakika. Meno ya gia hayawezi kukutana bila nafasi ndogo kati yake, maana chuma kikipata moto hutanuka. Fikiria mlango wa Kiswahili uliofungwa kwa komeo lisilokaza sawasawa. Upepo wa kaskazi ukiusukuma mfululizo, mlango hutulia. Ukija kwa mikupuo, hugonga usiku kucha, na asubuhi tundu la komeo limepanuka. Meno ya gia hugongana namna hiyo, na mtetemo wa krenki hupita hadi kwenye kamshafti bila kupunguzwa sana. Cheni hulegea na kukaza kidogo, ikaumeza sehemu ya kishindo, ingawa kiasi inachomeza hutegemea urefu wake, ukali wa springi za valvu na mwendo wa injini.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwenye mbio za Formula 1. Injini ya Cosworth DFV ilishiriki mara ya kwanza mwaka 1967 huko Zandvoort, Uholanzi, kamshafti zake zikiendeshwa kwa gia. Dereva Jim Clark alishinda nayo siku hiyo hiyo. Mwenzake Graham Hill, aliyekuwa akiongoza, alisimama kwa sababu gia ya kuendeshea kamshafti ilivunjika. Baadaye wahandisi walitia ndani ya gia vijiti vyembamba vya chuma vinavyoweza kujisokota, yaani waliipa gia ulegevu mdogo ambao cheni huzaliwa nao. Honda, katika pikipiki zake za VFR, iliigawa gia katika bamba mbili zenye springi kati yake ili kuziba ile nafasi ya meno, na hata hivyo mwaka 2002 VFR800 ilihamia kwenye cheni.

Kuna na jambo la mwelekeo. Gia mbili zikishikana huzunguka kinyume, kwa hiyo injini iliyoundwa kwa cheni huhitaji gia ya kati ili kamshafti izunguke upande wake. Kuhusu madai kwamba gia huongeza nguvu, msingi wake ni hafifu, kwani gia haileti hewa wala mafuta. Inachoweza ni kutunza tu wakati uliokwisha kupangwa. Mlio wake wa kuvuma, hasa wa meno yaliyonyooka, ni kweli unasikika, na nahisi kwamba baadhi ya wanunuzi hulipia mlio huo tu.

Pale ambapo gia inastahili, haina mpinzani: katika dizeli za malori, zinazoendesha pampu nzito ya mafuta kwa miaka mingi, na katika Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo muundo wake umenakiliwa katika bodaboda nyingi. Abiria wa Mambrui anaweza kuwa amekalia gia za taimingi bila kujua.

Yule fundi alifunga cheni mpya ya safu mbili. Kilichoiua ile ya zamani, alinionyesha, kilikuwa kipande cha plastiki cha kuiongoza, kilichokuwa kimevunjika na kuangukia ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.