Nani anaweza kumwambia mkurugenzi "hapana"? Dhana potofu kuhusu viongozi wa mashirika ya ajira kwa vijana

Mashirika yanayowaandaa vijana kwa ajira yamejaa mijini kwetu. Yanafundisha kuandika wasifu, kujiandaa kwa usaili, kompyuta na stadi za kazi, na mengine huwatafutia wahitimu nafasi za mafunzo kwa vitendo. Kijana anayejiunga hukutana na mwalimu na afisa mradi. Wanaoamua kozi ipi ifundishwe, vijana wangapi wachukuliwe na pesa ziende wapi, hao kijana huwa hawaoni, na kwa hiyo maneno yanayosemwa juu yao ni mengi kuliko habari. Haya ni yale ninayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wahitimu, kwa wanaojitolea, na hata kwa wajumbe wa bodi wenyewe, ambao ndio wangepaswa kuyajua vizuri.

"Shirika ni la mwanzilishi"

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Watu husema "shirika la Mama Fulani" kama wanavyosema duka la Fulani, na Mama Fulani akisikia hakanushi. Kisheria haiko hivyo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania, Na. 24 ya mwaka 2002, inalichukulia shirika kuwa umoja wa hiari ambao haupo kwa ajili ya kutengeneza faida. Hakuna hisa wala mgao. Mwanzilishi akifariki, wanawe hawarithi gari la mradi. Akiwa mkurugenzi mtendaji anayelipwa, ni mwajiriwa kama mhasibu na dereva walivyo, na bodi ikiona hafai inaweza kumwondoa.

Hilo neno "inaweza" ndilo lenye kazi. Bodi ambayo mwenyekiti wake ni shemeji, katibu ni mdogo mtu na mweka hazina ni mke haimwondoi mtu. Itakutana Jumapili baada ya chakula, itasaini muhtasari wa kikao, itatawanyika. Mimi nikitaka kuujua uongozi wa shirika lolote huuliza swali moja: ni nani humu anaweza kumwambia mkurugenzi hapana, na kesho yake bado akawa na nafasi yake? Nikikosa jibu, picha za viongozi zilizopangwa ukutani pale mapokezi hazinishughulishi tena.

Kisa kilichopigiwa kelele sana ni cha Kids Company, shirika la watoto na vijana lililoanzishwa London mwaka 1996 na Camila Batmanghelidjh. Lilipokea mamilioni ya pauni za serikali, likapendwa na wanasiasa na wasanii, kisha likafungwa ghafla Agosti 2015. Kamati ya Bunge iliyolichunguza, katika ripoti yake ya mwaka 2016, iliwabebesha lawama kuu wadhamini, yaani wajumbe wa bodi. Wengi huishia hapo. Lakini mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwafungia wadhamini hao nafasi za ukurugenzi wa kampuni. Kwangu mimi hiyo sehemu ya pili ndiyo inayofundisha zaidi. Wadhamini wanaweza kuwa waaminifu, wasiochukua hata senti, na shirika likawafia mikononi kwa sababu lilikuwa likiishi kwa pesa za leo bila akiba ya kesho.

Upande wa pili kuna Harambee ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2011 kuwaunganisha vijana wasio na kazi na waajiri. Ndiyo, jina la Wakenya lilisafiri mpaka Johannesburg. Wazo lilitoka kwenye kundi la kampuni za Yellowwoods. Maryana Iskander, mzaliwa wa Misri, aliletwa baadaye, akawa mkurugenzi mtendaji na akaliongoza kwa miaka mingi hadi watu wakadhani ni lake. Januari 2022 akaenda kuongoza Wikimedia Foundation, taasisi iliyo nyuma ya Wikipedia. Kiti chake kilichukuliwa na Kasthuri Soni, na kazi ikaendelea. Oxford nako, shirika la ushauri wa kazi la 80,000 Hours lilianzishwa mwaka 2011 na Benjamin Todd na William MacAskill. Todd aliachia ukurugenzi mwaka 2022 akampisha mwingine, na shirika likabaki. Makabidhiano ya namna hiyo hayaandikwi magazetini kwa sababu hayana vurugu.

"Bodi ni watu wa kusaini na kula posho"

Wapo wa aina hiyo, tusidanganyane. Lakini kazi ya bodi inajulikana: kumwajiri mkurugenzi na kumwondoa, kupitisha bajeti, kumsikiliza mkaguzi wa hesabu, na kulinda lengo lililoandikwa kwenye katiba ya shirika. Kipengele cha mkaguzi ndicho kinachosahaulika sana. Bodi makini humpa mkaguzi muda wa kuzungumza na wajumbe mkurugenzi akiwa nje ya chumba. Dakika kumi za namna hiyo zina thamani kuliko kurasa hamsini za ripoti yenye picha za vijana wanaotabasamu.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana, nalo ni bodi inayotaka kuendesha. Mjumbe anampigia simu mhasibu moja kwa moja, mwingine analeta mpwa wake aajiriwe, mwenyekiti anachagua rangi ya fulana za mahafali. Mkurugenzi anabaki na cheo bila mamlaka, na mambo yakiharibika hajulikani wa kuulizwa. Bodi huamua shirika linakwenda wapi na kuangalia kama linafika. Kulifikisha ni kazi ya watendaji.

Kuhusu posho, England na Wales wadhamini wa mashirika ya hisani kwa kawaida hawalipwi kabisa kwa kuwa wadhamini, ila hurudishiwa gharama halali kama nauli. Kwetu posho ya kikao imezoeleka, na sioni ubaya wa kumlipia mtu usafiri kutoka Morogoro. Ubaya huanza vikao vinapoongezeka kwa sababu ya posho.

"Kwa kuwa ni hisani, viongozi wasilipwe"

Kutotengeneza faida maana yake ni kwamba kinachobaki hakigawanywi. Mishahara ni gharama halali. Marekani shirika hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990, ambayo hutaja kwa majina wakurugenzi na walichopokea, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Uingereza mashirika makubwa huonyesha kwenye hesabu zao ni wafanyakazi wangapi wanaopata zaidi ya pauni 60,000. Kwa hiyo tusibishane kama mkurugenzi alipwe. Tuulize nani alipanga mshahara wake. Kama ni yeye mwenyewe, tumerudi kwenye lile swali langu.

"Shirika zuri ni lile lililofikia vijana wengi"

Hapa ndipo viongozi wenyewe hujidanganya, na wafadhili huwasaidia kujidanganya. Ripoti zinasema vijana elfu kadhaa "wamefikiwa". Kufikiwa ni nini? Kukaa ukumbini saa mbili, kusaini karatasi ya mahudhurio, kunywa soda na kurudi nyumbani.

Mwaka 2017 mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia alipitia tafiti za programu za ajira katika nchi zinazoendelea, zile zilizolinganisha waliopata mafunzo na wenzao wasiopata. Matokeo yake yalipaswa kubandikwa katika kila chumba cha bodi: kati ya watu 100 wanaopewa nafasi ya mafunzo ya ufundi, wasiofika watatu ndio wanaopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo. Wengine waliopata kazi wangeipata vyovyote vile. Shirika linalohesabu wahitimu wake wote walioajiriwa na kusema "hii ni kazi yetu" linajipa sifa ya jua kuchomoza.

Je, basi mafunzo hayafai? La hasha. Mengine yanafaa sana, ila ni ghali. Year Up ya Marekani, iliyoanzishwa Boston mwaka 2000 na Gerald Chertavian, huwachukua vijana kwa mwaka mzima, nusu darasani na nusu ndani ya kampuni. Ilipimwa kwa kuwagawa waombaji kwa bahati nasibu, na waliopata nafasi walionyesha ongezeko kubwa la kipato lililodumu miaka kadhaa. Gharama ilikuwa kama dola 28,000 kwa kijana mmoja, na sehemu kubwa ililipwa na kampuni zilizowapokea.

Sasa jiweke kwenye kiti cha bodi ya shirika la Mwanza au Kisumu. Mfadhili anataka vijana 5,000 kwa pesa ambayo, ikitumika sawasawa, inatosha vijana 300. Kukubali namba kubwa kunaleta mradi, mishahara na magari. Kukataa kunahitaji mwenyekiti asiyeogopa na mkurugenzi aliyezoea kuambiwa ukweli. Uamuzi huo mmoja unaonyesha ubora wa uongozi kuliko mpango mkakati wowote, na hufanywa kimyakimya, kijana akiwa hana habari.

"Mkurugenzi ndiye mwenye konekisheni"

Vijana wengi huamini hivyo: bosi akikupenda, atapiga simu. Shirika linaloendeshwa kwa simu za bosi huwapatia kazi wanaomfahamu bosi, basi. Mtu muhimu katika timu ya uongozi, ambaye picha yake haitundikwi, ni yule anayeshughulika na waajiri. Anazunguka viwandani, hotelini, kwenye maghala, anauliza wanahitaji watu wa aina gani kabla kozi haijapangwa. Generation, shirika lililoanzishwa na McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, na ambalo Kenya ni miongoni mwa nchi zake za mwanzo, limejengwa juu ya mpangilio huo: kwanza kazi, kisha mafunzo, kisha kufuatilia miezi baada ya kuhitimu. Penye mpangilio mwingine unakuta darasa la ushonaji kwa sababu vyerehani vilitolewa msaada.

Wala kiongozi si lazima awe amesomea ushauri wa kazi. Iskander niliyemtaja ni mwanasheria, na kabla ya Afrika Kusini alikuwa msimamizi wa shughuli katika shirika la afya ya uzazi huko Marekani.

"Kijana kwenye bodi ni pambo"

Mara nyingi ndivyo anavyofanywa. Anaalikwa, anapigwa picha, haletewi hesabu. Lakini tatizo si umri wake. AIESEC, mtandao wa wanafunzi ulioanza mwaka 1948 na ulioko hadi vyuoni kwetu, huendeshwa na vijana wenyewe na hubadilisha viongozi kila mwaka. England mtu wa miaka 16 anaweza kuwa mdhamini wa shirika lililosajiliwa kama kampuni. Mpelekeeni bajeti wiki moja kabla ya kikao kama mnavyowapelekea wazee, halafu ndipo mseme hachangii.

"Hayo ni mambo ya ndani ya shirika"

Ukiuliza hesabu unajibiwa hivyo, wakati mwingine kwa ukali. Marekebisho ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2019 yanalitaka shirika liandae kila mwaka taarifa ya fedha iliyokaguliwa na kuiweka wazi kwa umma. Kanuni za mwaka 2018 zilikwishataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe. Mabadiliko hayo ya 2019 pia yaliweka ukomo wa miaka 10 kwa cheti cha usajili, na yakawalazimu waliokuwa wamejisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kama kampuni ilhali wanafanya kazi za NGO wahamie kwa Msajili wa Mashirika. Kenya nako, sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilisainiwa mwaka 2013, ikalala miaka kumi na moja, na ikaanza kutumika Mei 2024 badala ya ile ya 1990.

Kwa hiyo unapojiandikisha, una haki ya kuuliza jina la mwenyekiti wa bodi, namba ya usajili na mwaka wa mwisho wa hesabu zilizokaguliwa. Uliza pia wahitimu wa mwaka juzi wako wapi sasa. Na ukidaiwa "ada ya kuunganishwa na mwajiri", fahamu kwamba hata kwa mawakala wanaofanya biashara, Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) Na. 181 wa mwaka 1997 unasema, isipokuwa kwa makundi na huduma chache zinazoruhusiwa, mtafuta kazi asitozwe chochote, moja kwa moja au kwa mzunguko. Ofisi inayojiita ya hisani na bado inatoza hiyo ada, andika jina lake na la mkurugenzi wake, upeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yako.