Ufeministi ni nini?

Ufeministi ni fikra, na pia ni harakati, inayodai kwamba mwanamke ni mtu kamili mbele ya sheria, kazini na nyumbani, sawa na mwanamume. Haimaanishi kuwachukia wanaume, ingawa shutuma hiyo haijakoma tangu zamani.

Mwaka 1791, Olympe de Gouges wa Ufaransa aliandika kuwa ikiwa mwanamke anastahili kupandishwa jukwaani akauawe, basi anastahili pia kupanda jukwaa la kuhutubia. Miaka miwili baadaye alikatwa kichwa. Kura, wanawake wa nchi hiyo waliipiga kwa mara ya kwanza 1945.

Kura ndiyo inayokumbukwa zaidi, lakini kwa maoni yangu mzizi wa mambo ulikuwa mali. Kwa sheria ya Uingereza ya zamani, mke na mume walihesabiwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mke akifanya kazi, ujira ni wa mume. Kwa kawaida hakuweza kufunga mkataba wala kushtaki kwa jina lake. Matajiri walikwepa kwa kuwawekea mabinti zao mali mikononi mwa wadhamini. Maskini wangeipata wapi njia hiyo? Sheria ya 1870 ilimpa mke ujira wake, na ya 1882 ikampa mali yake.

New Zealand ilitangulia kuwapa wanawake kura ya kitaifa, 1893. Kina Kate Sheppard, waliokuwa wakidai kura hiyo, walikusanya saini karibu 32,000 za kuiunga mkono, wakagundisha karatasi moja kwa nyingine na kuziviringisha kwenye mpini wa fagio. Mbunge John Hall akazikunjua ndani ya ukumbi wa Bunge, wenye kubeza wakitazama.

Wanahistoria hugawa harakati hizi kwa mawimbi: la kwanza kura na mali, la pili, kuanzia miaka ya 1960, mishahara, uzazi na ukatili wa majumbani, kisha yaliyofuata. Mgawanyo huo unasaidia, ila umefuata kalenda ya Ulaya na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kati ya mawimbi hayo mawili, maelfu ya wanawake wa Abeokuta, Nigeria, wakiongozwa na Funmilayo Ransome-Kuti, waligomea kodi waliyotozwa wanawake chini ya ukoloni, mpaka mtawala wao, Alake, akaachia kiti 1949.